Sigara Aliyoinunua Bibi Afya

Sauti yake haikufaa kwa kazi ile. Ilikuwa ndogo, ya puani kidogo, kama ya mtu aliyeamka sasa hivi na bado hajaamua kama azungumze au arudi kulala. Serikali ilimpa kazi ya kuwaambia watu waache tumbaku, ikampa na kipaza sauti cha betri kilichokoroma kuliko kusema, ikamleta kwetu Nanganga, kando ya barabara kuu, mahali ambapo hata muuza ndizi ana sauti ya kusimamisha lori. Akisimama kwenye mkutano wa kijiji, watu wa nyuma walikuwa wanaulizana, "Kasema nini?"

"Kasema tuache," wa mbele walijibu.

"Tuache nini?"

"Si sigara. Kwani ana neno jingine huyu?"

Alikuwa na mengine. Alikuwa afisa afya wa kata, na kazi ya afisa afya ni vyoo, maji, machinjio na sufuria za mama ntilie. Hayo yote aliyafanya, kwa miguu zaidi kuliko kwa pikipiki, kwa sababu pikipiki ya ofisi ilikuwa mgonjwa wa kudumu. Ila watu hawakumkumbuka kwa vyoo. Choo ukishakichimba umekichimba, mtu anakusahau. Tumbaku ilikuwa kila siku mkononi, kwa hiyo naye alikuwa kila siku machoni.

Jina lake tulilijua na hakuna aliyelitumia. Alikuwa Bibi Afya kwa wazee, Bibi Afya kwa watoto, Bibi Afya hata kwa padri. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi pale pale, nyumba yangu na yake zikitenganishwa na ua wa mianzi, na kwa miaka yote ya ujirani wetu nilimwita hivyo hivyo. Yeye aliniita Mama Zuhura, kwa jina la binti yangu. Hakuwa mtu wa kwetu. Alitoka mikoa ya mbali, upande wa ziwa, na kwa bidii yake alijifunza kusalimia kwa Kiyao, kwa Kimakua na kwa Kimakonde, akazichanganya zote tatu mpaka mwisho. Wazee waliitikia tu. Walisema salamu ya mgeni haisahihishwi.

Shuleni kwangu alikuja mara kwa mara, na huko ndiko nilikomwona akiwa hodari. Mwanzoni alileta picha alizopewa na ofisi, mapafu meusi, midomo iliyooza, picha kubwa za rangi. Watoto walicheka kwa woga. Kisha siku moja msichana mmoja wa darasa la tano akaanza kulia, akalia mpaka nikamtoa nje. Baba yake alikuwa amelazwa. Bibi Afya alizikunja zile picha, akaniambia, "Mwalimu, hizi zinamwonyesha mtoto kaburi la baba yake kabla baba hajafa." Hakuzileta tena. Wakubwa wake walipomwuliza ziko wapi, alisema mchwa wamekula. Ni uongo pekee niliowahi kumsikia akiusema, na aliusema bila kupepesa.

Badala yake alianza kutumia vikonyo vya majani ya mpapai, vile vyenye tundu ndani ambavyo watoto hunywea uji kwa mchezo. Aliwakimbiza watoto kuzunguka uwanja wa mpira, kisha akawaambia wazibe pua na wapumue kwa kikonyo peke yake. Watoto walihema, macho yakawatoka, wakakitupa. "Basi," alisema, "wewe umekitupa. Babu aliyevuta miaka mingi hawezi kukitupa. Yeye anapumua hivyo akiwa amekaa." Hapo darasa lilikuwa linanyamaza kweli, si kwa kuogopa fimbo.

Siku chache baadaye mzee mmoja aliingia shuleni, mtu wa kuchonga mipini ya majembe, mkali, anayejulikana kwa ukali huo kuliko kwa mipini. Mkononi alikuwa na kikonyo cha mpapai kilichokwisha kunyauka.

"Nani kamfundisha mjukuu wangu kunipima pumzi?"

Bibi Afya alikuwa ofisini kwetu. Alitoka, akainama kidogo. "Shikamoo, babu."

"Marahaba. Nimeuliza."

"Ni mimi, babu."

"Wewe ni daktari?"

"Hapana, babu. Mimi ni wa vyoo."

Mzee alimtazama. Nadhani alikuwa amejiandaa kugombana na daktari, na huyu wa vyoo akamharibia mpango. Akakaa kwenye benchi la wageni. Alisema mjukuu alimtaka akimbie kuzunguka nyumba kisha apumue kwa kile kikonyo. Kukimbia alikataa, akapumua akiwa amekaa. "Nimeona giza," alisema. "Tangu hapo silali." Kisha akasimama, akajikung'uta. "Lakini siachi. Nimeanza kabla mama yako hajaolewa. Kuanzia leo navutia nje, basi. Umwambie yule mtoto anirudishie usingizi wangu."

Jioni ile Bibi Afya alinipitishia habari juu ya ua wa mianzi, kama mtu anayetangaza mgonjwa katolewa wodini. "Mama Zuhura! Babu katoka nje!"

Hivyo ndivyo alivyohesabu ushindi. Mwingine angetaka mzee aache. Yeye alifurahi kwamba moshi umetoka chumbani ambamo watoto wanalala. Niliwahi kumwambia kwamba ushindi wake ni mdogo sana. Akasema mdogo hukaa, mkubwa huondoka na gari lililouleta.

Gari hilo tulilijua. Kila mwaka, siku ile ya dunia ya kupinga tumbaku, wageni walikuja na magari kutoka mjini, na muziki, na hotuba, wakagawa fulana nyeupe zenye maandishi mekundu ya kuwaambia watu waache. Watu walijaa. Wiki iliyofuata ungewakuta wanaume mashambani wanapalilia mikorosho wamevaa fulana zile, na msokoto wa tumbaku umening'inia mdomoni juu ya yale maandishi. Mimi nilicheka nilipoona hivyo mara ya kwanza. Nilimwonyesha. Bibi Afya alimtazama yule mtu, akasema, "Angalau ameivaa. Iko siku ataisoma."

Sasa nieleze habari ya mama yake, maana watu walimsema sana kwa hilo.

Mama yake mzazi alikaa naye. Kizee mdogo, mwembamba, aliyeletwa kutoka kwao baada ya kufiwa na mume. Kizee huyo alinusa ugoro. Alikuwa na kikopo chake kidogo kiunoni, amekifunga kwenye pindo la kanga, na kila baada ya chakula alikifungua, akachota kwa kidole, akavuta, akapiga chafya, akamshukuru Mungu. Na aliyemnunulia ugoro ule sokoni Masasi alikuwa Bibi Afya mwenyewe. Kila mtu alijua. Niliwahi kumwuliza, akaniambia aliwahi kumfichia kile kikopo. Kizee hakugomba. Aligoma kula, akalala akiangalia ukuta. Binti alipombembeleza alimwambia neno moja tu: "Nimezika mume, nimezika na watoto. Ugoro ndio ulionibakia, na huo nao unautaka?"

"Nilisomea kujibu maswali, Mama Zuhura," aliniambia. "Lile sikufundishwa jibu lake." Akakirudisha kikopo.

Siku moja, kwenye mkutano, kijana mmoja mwenye kujua kuchekesha watu alinyoosha mkono. "Bibi Afya, na mama yako je?"

Watu waliangua kicheko. Mtendaji wa kijiji alitaka kumkaripia, Bibi Afya akamzuia. Akaweka kipaza sauti chini, akasema kwa mdomo wake mtupu, na siku hiyo kwa mara ya kwanza hata wa nyuma walinyamaza wamsikie.

"Mama yangu amenishinda," alisema. "Ndani ya nyumba yangu nimeshindwa. Nimekuja kwenu kuona kama na ninyi mtanishinda."

Hawakucheka tena. Sijui kama kuna aliyeacha siku ile. Najua kwamba kuanzia hapo wanawake wazee walianza kumjia, wao wenyewe, na vikopo vyao, kumwuliza kwa nini mate yana damu, kwa nini fizi zimelegea. Kabla ya hapo walikuwa wakimkwepa.

Na yeye mwenyewe alikuwa na lake. Alikuwa na shinikizo la damu na alijua kila kitu kinachopasa kufanywa, lakini alipenda chai ya sukari nyingi na samaki wa chumvi, na vidonge vyake alivimeza akikumbuka. Nilimtania kwamba mganga hajigangi. Hakukasirika. "Ndiyo maana siwapigii kelele," alisema. "Najua kitu kinavyomwita mtu."

Anayeniuliza Bibi Afya alikuwa mtu wa namna gani, mwisho wake lazima nimweleze habari ya mume wangu. Huwa naichelewesha.

Baba Zuhura alikuwa mpima mizani kwenye ghala la korosho la chama cha msingi cha wakulima. Mtu wa watu, mchekeshaji, mrefu, na mvutaji tangu kabla hajanioa. Yeye na Bibi Afya walikuwa marafiki wa kutaniana. Kwenye mikutano alikaa mbele kabisa, na Bibi Afya akisimama tu, yeye aliinuka, akaizima sigara yake kwa madaha, mbele ya watu wote.

"Naizima kwa heshima yako, mheshimiwa."

"Izime kwa heshima ya kifua chako, Baba Zuhura. Mimi heshima ninayo ya kutosha."

Aliacha mara nyingi. Aliacha Zuhura alipozaliwa, aliacha kila Ramadhani, aliacha alipofiwa na kaka yake. Kila mara alirudi, na kila aliporudi aliona aibu, akawa anavuta nyuma ya ghala kama mwanafunzi. Mimi nilichoka kuamini. Bibi Afya hakuchoka, au alichoka akaendelea. "Mtu aliyeacha mara nyingi," alimwambia, "ana uzoefu wa kuacha. Tuanze tena." Akaanza naye tena, kwa karanga za kutafuna mfukoni, kwa matembezi ya jioni mpaka kwenye kijito na kurudi, mimi na Zuhura tukiwafuata nyuma. Nyakati hizo zilikuwa nzuri. Nazikumbuka kwa harufu ya maua ya mikorosho.

Msimu mmoja ukaisha na kikohozi hakikuisha. Yeye alisema ni vumbi la ghala. Wote tulisema ni vumbi la ghala. Bibi Afya aliyekuwa upande wa pili wa ua, akimsikia usiku na asubuhi, alikuja siku moja alfajiri kabla hajaenda kazini.

"Baba Zuhura, tunakwenda Ndanda."

"Tumalizie hesabu za msimu kwanza."

"Korosho zina msimu. Kifua hakina msimu. Vaa viatu."

Alituomba tusiende peke yetu, akachukua ruhusa, akaenda nasi hospitali ya misheni. Walimpima kwa upole, wakatuandikia twende Dar es Salaam. Dar es Salaam nako walimpima, wakatukalisha kwenye viti, daktari kijana akavua miwani yake kabla ya kusema. Nilijua alipoivua. Tukarudi Nanganga kumtunza.

Nilimsubiri Bibi Afya aseme. Aseme hata kwa jicho, kwamba nilikwambieni. Nilitaka aseme, ili nipate mtu wa kumkasirikia. Hakusema. Alikuja kila alasiri akitoka kazini, akaleta uji wa ulezi, akakaa naye barazani wakizungumza habari za mizani, za bei, za watu waliojaza mawe kwenye magunia. Walicheka. Mimi nilikuwa jikoni nasikia kile kicheko kinavyogeuka kikohozi.

Alasiri moja nilisikia mume wangu anasema, "Bibi Afya, nina ombi."

"Sema."

"Sigara. Moja."

Niliacha kukoroga. Nikamsikia Bibi Afya akiuliza taratibu, "Mama Zuhura atasema nini?"

"Atakasirika. Ndiyo maana nakuomba wewe."

Aliinuka, akajifunga kanga yake vizuri, akatoka. Nilimwona kupitia ua anavyokwenda dukani, mchana kweupe, barabara imejaa watu wanaotoka gulioni. Duka ni la mtu wa kaskazini, sote tulimwita Mangi, kama wenye maduka wengi wanavyoitwa. Habari ya dukani niliipata baadaye kwa Mangi mwenyewe. Bibi Afya aliomba sigara moja. Mangi alicheka, akidhani ni mzaha.

"Ya kufundishia, Bibi Afya?"

"Ya kuvuta," alisema. "Na kiberiti."

Watu waliokuwa wamekaa kwenye benchi la duka waliacha mazungumzo yao.

Alirudi, akaniona nimesimama kwenye mlango wa ua wetu. Nilimwambia, "Miaka yote hii. Miaka yote hii umemwambia aache, leo wewe ndiye unayemletea?"

Hakunikwepa. Alisimama pale na ile sigara mkononi, uso umechoka, akasema, "Mama Zuhura, kinga ina siku zake, na siku zake zimepita. Nilikuja hapa miaka mingi kama serikali. Leo niache nije kama jirani."

Nikatoka mlangoni. Sikumruhusu, ila nilitoka mlangoni.

Alimwashia mwenyewe, kwa sababu vidole vya mume wangu vilikuwa havishiki. Baba Zuhura alivuta mara moja, akafunga macho. Alikohoa, akasubiri, akavuta tena. Kisha akaitoa mdomoni, akaiangalia kama mtu anayeangalia rafiki aliyebadilika sura.

"Haina ladha," alisema.

"Haina?"

"Haina kitu. Kumbe ilikwisha kuondoka yenyewe. Miaka yote naifukuza haitoki. Imesubiri niwe hivi ndipo iniache."

Alianza kucheka, Bibi Afya hakucheka. Aliipokea ile sigara taratibu, akaizima kwenye sakafu, akaibeba kwenye kiganja chake akaondoka nayo, asiniachie hata majivu. Mume wangu alifariki siku chache baada ya hapo, asubuhi, mkono wake uko kwenye mkono wa Zuhura.

Siku ya maziko Bibi Afya alikaa jikoni na wanawake wengine, akaosha masufuria. Niliona wanawake wanavyomwachia nafasi kubwa kuliko inayohitajika. Habari ilikuwa imeenea tayari. Bibi Afya kanunua sigara. Bibi Afya huvuta kwa siri. Ndiyo maana anaijua sana. Hakuna aliyeunganisha sigara ile na mume wangu, kwa kuwa nani angefikiri kumpelekea mgonjwa wa kifua sigara? Walioivaa ile fulana mashambani walifurahi kuliko wote.

Mkutano uliofuata alisimama na kipaza sauti chake, na kabla hajamaliza salamu mtu mmoja akapaza sauti: "Karibu tuvute wote, mwenzetu!" Kicheko kilikuwa kikubwa mpaka mkutano ukavunjika. Mtendaji alimwita ofisini, akamwuliza kama ni kweli alinunua. Alisema ni kweli. Aliulizwa ya nani. Alisema alinunua yeye. Basi.

Nilimwita nikiwa bado kwenye eda, nikizungumza juu ya ua wa mianzi kwa sababu sikuruhusiwa kutoka. Nilimwambia nitamwita mtendaji, nitamweleza kila kitu.

"Usiseme," aliniambia.

"Wanakuharibia jina."

"Ukisema, watasema Baba Zuhura kafa na sigara mdomoni. Zuhura atalisikia hilo kisimani, atalisikia shuleni, atalisikia siku ya harusi yake. Mimi waniseme. Mimi si wa hapa."

Lile neno, mimi si wa hapa, lilinichoma kuliko yote. Alikuwa amekaa nasi miaka mingi kuliko nilivyokaa na mume wangu. Alijua vyoo vya kila nyumba, mzazi wa kila mtoto. Na mwisho wake alilitumia lile neno kama ngao, si yake, ya binti yangu.

Kufundisha hakuacha. Alikwenda vijiji vile vile, akachekwa, akaendelea. Nilipomuuliza anawezaje, alisema anayecheka bado amekaa mkutanoni. Mwaka uliofuata alihamishiwa Newala. Kama ni kwa sababu ile au ni uhamisho wa kawaida, hakuna aliyesema, naye hakuuliza. Alipanda lori na kitanda chake, na masufuria, na mama yake amekaa mbele karibu na dereva akipiga chafya.

Zuhura alipokuwa mkubwa nilimweleza yeye kwanza. Akasema, "Mama, waambie." Nikaenda kwa Mangi, nikamweleza ile sigara ilikuwa ya nani. Mangi aliacha kupima sukari. "Mbona hakusema?" aliuliza, akarudia, "Mbona hakusema?" Ninajua aliwaambia watu. Lakini ukweli haukwenda mbali kama ule uongo. Ukweli hauna kichekesho. Walioambiwa walisema "Aa, kumbe," wakaendelea na mambo yao. Mangi hakuacha kuuza sigara, biashara ni biashara, ila pakiti zilizokuwa mbele karibu na pipi alizihamishia juu nyuma yake, ambako macho ya mtoto hayafiki. Sikumwomba. Nilipita siku moja nikaona zimehama.

Mara ya mwisho kuonana naye ilikuwa Newala, mwaka huu. Zuhura ameajiriwa huko halmashauri, nami nimestaafu, huenda kukaa naye wiki mbili tatu niwe wa kupanga foleni ya ndoo, maana maji ya Newala yanahitaji mtu asiye na kazi nyingine. Asubuhi moja nilipita stendi kununua mihogo nikamwona amekaa kwenye benchi la abiria, mkoba mapajani. Alikuwa amepungua. Nywele nyeupe tupu. Mimi ndiye niliyemwita, akanitazama kwa muda kabla ya uso kufunguka.

Alikuwa anakwenda Ndanda, kliniki ya presha. Alistaafu zamani kidogo. Nilishangaa hakurudi kwao, akaniambia mama yake amezikwa pale Newala. "Siwezi kumwacha peke yake huku," alisema, "hajui Kimakonde." Tukacheka, halafu hatukucheka.

Nilimwambia niliwaeleza watu. Alitikisa kichwa, hakuonyesha furaha wala hasira, akaniuliza hali ya Zuhura. Nikamwuliza jambo ambalo nilitaka kulijua siku nyingi, kwamba kwa miaka yote ile ya kutembea na kuzungumza, ni watu gani anaojua waliacha.

"Sijui," alisema.

"Hata mmoja?"

"Walioacha hawarudi kuniambia, Mama Zuhura. Mtu aliyepona haendi hospitali kusalimia. Wanaorudi ni wale ambao sigara imewashinda. Hao hunitafuta mpaka huku, wananiomba msamaha, kana kwamba mimi ndiye mapafu yao."

"Umechoka," nilimwambia.

"Nilichoka zamani. Nilikuwa nakwenda nimechoka hivyo hivyo."

Gari la Masasi, la kumfikisha njia ya Ndanda, lilikuwa linajaza. Kondakta alikuja akauchukua mkoba wake, akaupandisha. Bibi Afya alisimama kwa kujisukuma na magoti, akaanza kuniaga.

Mwisho wa lile benchi alikuwa amekaa mwanamume wa makamo, fundi ujenzi kwa viatu vyake vilivyojaa saruji. Tulikuwa hatujamtazama. Alikuwa na sigara ambayo haijawashwa, anaizungusha kati ya vidole.

"Shikamooni, mama zangu. Samahani."

"Marahaba," tuliitikia.

"Nimewasikia bila kukusudia. Mimi nauliza tu. Mtu akiacha, huu mkono unatulia lini?" Akauinua mkono wake, akautazama. "Kifua naelewa. Usingizi naelewa. Lakini mkono unatafuta. Nikiwa juu ya jukwaa najenga ukuta, mkono unatoka wenyewe unaingia mfukoni. Nimeacha mara tatu, mkono ndio umenirudisha."

"Bibi, twende!" kondakta aliita.

Bibi Afya alilitazama gari. Nilijua anahesabu kliniki, jua, foleni ya Ndanda. Nikamwambia, "Nenda, Bibi Afya, utachelewa," kwa sababu nilimwonea huruma, na kwa sababu niliona alishatoa vya kutosha.

"Mkono," alisema, kana kwamba hakunisikia. "Hakuna aliyewahi kuniuliza habari za mkono."

Akamwashiria kondakta ateremshe mkoba. Kondakta alilalamika, akauteremsha, akaniachia mimi. Gari likapiga honi, likaondoka na vumbi lake. Bibi Afya alikuwa tayari amekaa karibu na yule fundi.

"Ile ya kwanza ya asubuhi," alimwuliza, "unaivuta kabla ya chai au baada?"

"Kabla," alisema yule fundi. "Kabla hata sijanawa uso."

"Haya. Tuanzie hapo."